Geti Lililonyamaza

Katika miaka yote niliyoishi chini ya paa la baba yangu, hakuwahi kuniuliza "Nani?" Nilikuwa nikifika tu getini, hata viatu sijavua, nasikia sauti yake kutoka barazani: "Umerudi, mama?" Nami namjibu, "Nimerudi, baba," huku napita na mafurushi yangu ya vitambaa. Nilidhani ni mapenzi tu ya mzazi kwa binti wa pekee. Kitu ukikipata bure kila siku, hukai kitako kujiuliza kinatoka wapi.

Alasiri ile ya Jumatatu nilisukuma geti, nikapita, nikafika hadi mbele ya kiti chake. Alikuwa amekaa palepale pa siku zote, mikono juu ya fimbo, uso kauelekeza njiani. Nilimtazama, nikaona naye ananitazama. Kisha kiatu changu kikagonga ngazi, baba akashtuka, akainua fimbo nusu.

"Nani?"

"Ni mimi, baba."

"Mimi nani?"

Sauti yake ilikuwa na woga. Baba yangu ameendesha malori ya mizigo maisha yake yote, ameteremka milima na breki zisizoaminika, na sijawahi kumsikia akiogopa. Nilipomshika mkono ulikuwa baridi. Akaukunjua uso upesi, akasema aa, ni wewe, nilikuwa nimesinzia. Lakini hakuwa amesinzia. Nilikuwa nimemwona vizuri, macho yake yalikuwa wazi.

Shangazi, dada yake baba tunayeishi naye, akatokea mlangoni na upawa mkononi. Yeye huwa hakosi la kusema. Akaniambia hiyo ndiyo kazi ya yule fundi wangu, kwamba tangu aliguse geti lile jana baba hajatulia, anashtuka kila dakika kama mtu aliyelala njiani.

Yule fundi wangu. Naona bora nimweleze, maana bila yeye hakuna kisa.

Watu wote wanamwita Bisibisi, kwa sababu hajawahi kuonekana bila bisibisi mfukoni mwa shati, hata msibani. Yeye, pamoja na Mama Solda, muuguzi mstaafu anayefundisha watu kuunga nyaya, na Kaptula, bwana wa kompyuta asiyejua suruali ndefu ni kitu gani, ndio wanaoendesha karakana ya mtaa. Ni ghala la zamani lililokuwa la magodoro. Yeyote anaingia. Ukileta redio iliyokufa, au feni, au simu iliyoangukia kwenye ndoo, hawakutengenezei. Wanakukalisha, wanakupa koleo mkononi, wanakufundisha. Unatoka na kitu chako kizima na umejua kilikuwa kinaumwa nini.

Ukuta mmoja wa karakana ni wa vifaa. Kila kifaa kimechorwa umbo lake kwa rangi nyeusi pale kinapotundikwa. Ukichukua nyundo, unaacha kitu chako kwenye msumari wake, ili mwenye kuitafuta ajue iko kwa nani. Utakuta hapo funguo, kofia, bangili. Kaptula aliwahi kutundika soksi, tukamwomba kwa heshima zote asirudie.

Mimi niliingia mle na cherehani ya marehemu mama. Nashona mapazia na sare za shule, na mashine ile ndiyo mkono wangu wa kulia. Mafundi wa mjini walikuwa wamekwisha kuiangalia wakaniambia ni chuma chakavu, ninunue nyingine. Bisibisi hakuigusa. Alivuta kiti, akaniuliza, "Hii inakufanyia nini?"

Nikaanza kumweleza kushona, nikajikuta naeleza mengine. Kwamba mama alinifundishia mapajani mwake. Kwamba mlio wake ndio unaonifanya nisijione peke yangu chumbani. Machozi yakanitoka mbele ya watu nisiowajua. Yeye hakunipa pole za haraka haraka. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Basi hatutabadilisha chochote kinachogusa huo mlio." Ndipo akanipa bisibisi, akanionyesha pa kuanzia. Siku ile nilirudi nyumbani na cherehani inayofanya kazi na moyo usiokuwa wangu tena. Hawakuchelewa kunipa jina, Pindo, na funguo za kufungulia asubuhi. Nikawa mmoja wao.

Swali lile limeandikwa kwa rangi juu ya mlango wa karakana, kwa mkono wa Bisibisi mwenyewe: KABLA HUJAFUNGUA, ULIZA KINAMFANYIA NINI MWENYEWE. Ndiyo sheria yao kuu. Na ndiyo aliyoivunja Jumapili, siku niliyomleta nyumbani kumtambulisha kwa baba.

Alifika mapema mno. Upendo humfanya mtu ama achelewe ama awahi, saa kamili haimo. Akaona aibu kubisha kabla ya wakati, akasimama nje, akaligusa geti, likalia kama linavyolia siku zote. Na mikono ya Bisibisi haijui kusubiri bure. Akatoa kile kikopo chake cha grisi anachotembea nacho, akazitia bawaba zote, juu na chini. Akanieleza baadaye kwamba alifikiri, akiingia na tabasamu na geti limepona, mzee atafurahi.

Akaingia kimya kama paka. Wakati huo baba alikuwa peke yake barazani, kijiko kimemdondoka, amepiga magoti anakitafuta kwa kupapasa sakafu. Kijiko kilikuwa karibu na goti lake. Ghafla sauti ya mwanamume asiyemjua ikamwambia sikioni, "Shikamoo, baba."

Mimi nilitoka jikoni nikamkuta baba anainuka kwa hasira, na Bisibisi amemnyooshea kijiko. Baba hakukipokea. Alisema mtu anayeingia nyumba ya watu bila kusikika ana jina lake, na hilo si jina la mkwe. Akaingia ndani akafunga mlango. Chai ilipoa pale mezani. Shangazi naye akapata pa kupitia. Alikuwa hampendi Bisibisi tangu zamani, kwa kuwa kazi yake haielezeki. Aliniuliza upya, mbele yake: anafanya nini hasa? Nikasema anawasaidia watu kutengeneza vitu vyao. Halafu? Halafu wanaondoka navyo. "Basi yeye anabaki na nini?" akasema shangazi.

Jioni ile baba alisema neno moja tu kuhusu jambo hilo. Alisema, "Yule, hapana." Na mimi nilikwisha kujiapia kwamba sitaolewa bila radhi za baba, kwa sababu ndiye aliyenilea mwenyewe tangu mama afariki, akanisuka nywele kwa vidole vile vya kushikia usukani. Nisingeweza kutoka nyumba ile huku amenipa kisogo.

Basi Jumanne asubuhi nilikwenda karakana nikiwa na "Nani?" ya baba bado masikioni.

Nilimkuta Bisibisi amekaa chini ya maneno yake mwenyewe, hajafungua chochote, na kwake huo ni ugonjwa. Mama Solda alikuwa anamsukumia kikombe cha chai. Nikawasimulia yaliyotokea Jumatatu. Nilipofika pale baba alipoinua fimbo, Bisibisi akafumba macho.

Sikutaka kugombana, lakini nilikuwa na donge. Nikanyoosha kidole juu ya mlango. "Mimi uliniuliza. Cherehani yangu uliiuliza. Geti letu uliliuliza?"

"Sikuuliza, Pindo," akasema. "Nilidhani geti haliwezi kuwa na kazi nyingine."

Wenzake wakaingilia kwa wema. Mama Solda akasema inaweza kufungwa kengele ya waya, mtu akipita inalia ndani. Kaptula akapanda dau: kamera ndogo, sauti itaje jina la anayeingia, hata heshima iwekwe, "Binti yako amefika, mzee." Walikuwa wamekwisha kuanza kuchora mezani, kila mmoja ana kalamu, nami nikawapenda kwa hilo, maana hakuna aliyeuliza baba yangu ni nani kwao.

Bisibisi akaichukua ile karatasi taratibu, akaigeuza upande usioandikwa. "Tunarudia kosa lilelile," akasema. "Bado hatujamuuliza."

Mama Solda akacheka kidogo, akasema ndiyo maana wahenga walisema kuuliza si ujinga, wakajua kutakuja watu wenye vyuma vingi kuliko masikio. Bisibisi akasimama. Akatoa kikopo chake cha grisi mfukoni, akakitundika ukutani kwenye msumari mtupu, akatoka mikono mitupu. Tangu nimjue sikuwahi kumwona hivyo.

Tulipofika nyumbani nilinyoosha mkono kulifungua geti. Yeye akanizuia. Alisimama nje njiani, jua linamchoma, akaita kwa sauti ya kusikika hadi barazani.

"Hodi, baba. Ni mimi niliyelinyamazisha geti lako. Siingii mpaka uniambie."

Shangazi alichungulia dirishani, akajiondoa, akachungulia tena. Hatimaye baba akasema pita. Bisibisi akapita akikanyaga kokoto kwa makusudi, krash, krash, ili asikike, akakaa kwenye ngazi ya chini, chini ya kiti cha baba.

"Nimekuja kuomba radhi, baba, lakini siwezi kuomba radhi kwa kosa nisilolijua ukubwa wake. Kwa hiyo nauliza kwanza, nilichopaswa kuuliza Jumapili. Lile geti lilikuwa linakufanyia nini?"

Nami nilikuwa nimeingia, nimesimama mlangoni na shangazi nyuma yangu, ameshika sinia la chai. Nilitegemea baba amfukuze. Badala yake aliigeuza fimbo yake viganjani, kama anavyofanya akitafuta neno.

"Linanionyesha watu," akasema.

Bisibisi alisubiri, kama alivyonisubiri mimi siku ile ya cherehani.

"Dada yangu akiingia, geti linakatizwa kilio katikati, maana ana ugomvi na dunia nzima. Muuza maziwa analiburuta. Jirani yetu mwenye mguu mbovu analifungua kidogo, anapumzika, halafu analimalizia. Na binti yangu mikono yake imejaa vitambaa, basi analisukuma kwa nyonga, linalia kwa kirefu, taratibu. Nikisikia hivyo, namwona. Namwona na gauni lake, na ule uso wa kuchoka anaodhani ananificha." Akaelekeza fimbo getini. "Macho yaliyobaki ni hayo, bwana mdogo. Na wewe umeyapaka grisi."

Shangazi akaliweka sinia chini. Sisi tulijua macho ya baba yamefifia. Alikuwa akituambia anaona maumbo, anaona mwanga, anamwona jogoo akipita. Tulimwamini kwa sababu alikuwa akitutaja majina kabla hatujafika. Hakuna aliyejua kwamba giza lilikwisha kuingia lote, na kwamba mzee wetu alikuwa ameketi pale kila siku akituona kwa masikio.

"Kaka," shangazi akasema, na nilishangaa kuisikia sauti yake imekuwa ya kitoto. "Kwa nini hukusema?"

"Ningesema mngenifanya yai. Leo baba asitoke, kesho baba asisimame. Nilitaka kubaki mzee wa nyumba hii, nisiwe mgonjwa wa nyumba hii."

Nilikwenda nikapiga magoti, nikaweka kichwa changu mapajani pake, akanishika nywele. Nililia, lakini ilikuwa nafuu kuliko huzuni. Ningeweza kuishi naye mpaka kaburini bila kujua. Nikamtazama Bisibisi pale ngazini, ameinamisha kichwa, naye machozi yanamtoka bila kuyafuta, na katikati ya kilio changu nikamshukuru Mungu kwa kile kikopo cha grisi. Kama asingekosea vile, na kama asingerudi kuuliza vile, baba yangu angebaki peke yake ndani ya giza lake huku sisi tukimwita barazani chai imeiva.

Bisibisi akamwambia baba kuhusu kengele ya Mama Solda na kamera ya Kaptula, kwa kuwa si haki kumchagulia. Baba akasikiliza yote. Kisha akasema hataki mashine imwambie mwanawe amefika, anataka mwanawe ndiye amwambie. Anataka kilio cha geti lake.

"Basi nitakirudisha," akasema Bisibisi.

"Utaweza?"

"Sijui, baba. Maisha yangu yote nimenyamazisha vitu. Kuvifanya vilie sijawahi."

Baba akatoa pumzi ya pua, na mimi ninayemjua nilijua kwamba huko ni kucheka.

Kuanzia kesho yake nyumba yetu iligeuka tawi la karakana. Bisibisi alizing'oa bawaba, akaziosha kwa mafuta ya taa hadi zikakauka, akazirudisha. Kimya. Kutu yote ilikuwa imeondoka na grisi, na kutu ndiyo iliyokuwa sauti. Mama Solda akashauri maji ya chumvi. Ikawa kila asubuhi, kabla ya kazi, Bisibisi anakuja kudondoshea bawaba maji ya chumvi, halafu anafungua na kufunga, baba akiwa amesogezewa kiti karibu na geti kama mwalimu wa muziki.

"Hilo linakohoa," baba anasema. "Halilii."

"Na sasa?"

"Sasa linaguna. Bawaba ya chini bado ina kiburi."

Wakati mwingine Kaptula alikuja naye, na magoti yake wazi, akashika geti kutoka chini huku baba akimwelekeza kwa fimbo. Majirani waliokuwa wakipita walisimama kushangaa watu wazima wanaojitahidi kuharibu geti zima. Katikati ya hayo baba alikuwa akimsimulia Bisibisi habari za malori, jinsi alivyokuwa akiijua gia inayoumwa kwa mlio wake kabla fundi hajafunua boneti, na Bisibisi anauliza swali juu ya swali hadi anachelewa kazini. Shangazi alianza kwa kumpelekea chai ya rangi. Siku zilivyokwenda chai ikapata maziwa, baadaye ikapata mkate, na hakuna aliyethubutu kumtania.

Kisha asubuhi moja, nikiwa chumbani nashona, nilisikia. Kilio kirefu, chembamba, kinachopanda mwishoni. Mguu wangu ukasimama juu ya pedali. Nilitoka mbio nikamkuta baba amesimama wima bila fimbo, mkono mmoja juu ya nondo za geti.

"Tena," akamwambia Bisibisi. Geti likalia tena. Baba akatikisa kichwa taratibu. Alisema si kilekile, kimezidi ukali kidogo, lakini ni cha ukoo uleule. Akamshika Bisibisi mkono, akaushikilia. "Ahsante, bwana. Umenirudishia watu wangu."

Tukarudi barazani sote. Baba akakaa, akakohoa kile kikohozi chake cha mambo mazito, shangazi akajipanga nyuma ya kiti.

"Binti yangu ameniambia desturi ya kwenu," baba akaanza. "Kwamba mtu akichukua kifaa ukutani, anaacha chake mahali pake."

"Ndiyo, baba."

"Wewe unataka kuchukua kwenye ukuta wangu. Na ukutani pangu kimebaki kimoja tu. Utaniachia nini?"

Nilitaka kumsaidia, nikajizuia. Bisibisi alipapasa mfuko wa shati, kwa mazoea tu, akakutana na bisibisi, akaiacha. Alitazama geti, akanitazama mimi, akarudisha macho kwa baba ingawa alijua baba hamwoni.

"Sina kitu kinachomtosha, baba. Nikisema ninacho nitakuwa mwongo. Ninachoweza kuacha ni mimi. Nyumba tutakayopanga itakuwa mtaa huuhuu, na geti hili nitalipita kila siku, asubuhi nikienda karakana na jioni nikirudi. Ukikosa kunisikia siku moja, uje umchukue wako."

Shangazi alivuta ncha ya kanga yake, akajipangusa puani. Baba alisema tu kwamba chai imepoa, na kwamba mtu mwenye kazi asingekuwa amekaa barazani kwa watu saa hizi. Bisibisi akaaga, akainuka, akaondoka ameinama. Nilimsindikiza kwa macho hadi geti likalia nyuma yake. Nikageuka kumtazama baba kwa uchungu, naye alikuwa ametega sikio kule njiani, uso umetulia, kama mtu anayejifunza jambo kwa moyo.

Sikulala raha siku zile. Nilimwambia Bisibisi asije kumlazimisha, naye akasema hatamlazimisha, atapita tu kama alivyosema. Akapita. Asubuhi anasema shikamoo, anapokea marahaba, anakwenda zake. Jioni vilevile. Hakukaa, hakuuliza jibu. Na baba hakutoa.

Jumapili iliyofuata mimi na shangazi tulikuwa jikoni. Geti likalia nje, kwa mlio nisioujua: kidogo, likasimama kama linaomba ruhusa, kidogo tena, kisha likafungwa kwa upole hadi mwisho. Sikumtambua mtu. Nikainua sauti kumuuliza baba barazani.

"Nani huyo, baba?"

Hakuchelewa hata kidogo, wala hakuinua fimbo.

"Ni mkwe," akasema. "Ongezeni kikombe."